Istilahi za Upimaji: Majimaji ya Puani, Utafiti wa Mzio na Mafunzo ya Ifakara

Madhumuni ya makala hii ni kuchunguza baadhi ya maneno yanayotumika katika Kiswahili kueleza upimaji wa vitu vilivyomo katika sampuli za mwili wa binadamu, na hasa katika majimaji yanayochukuliwa puani kwa ajili ya utafiti wa mzio. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni la wataalamu wa maabara peke yao. Sisi hatuoni hivyo. Utafiti wa afya humfikia mwananchi kwa Kiswahili: kwanza katika fomu ya ridhaa anayosomewa kabla hajakubali kutoa sampuli, pili katika maswali anayoulizwa, na tatu katika majibu anayopewa. Katika hatua zote hizo mwenye kazi ni mfasiri. Akikosea neno, mizani ya maabara, hata ingekuwa nzuri namna gani, haiwezi kulisahihisha kosa lake.

Tumeichagua Ifakara iwe kielelezo chetu kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine nchini ambapo Kiswahili na maabara vimeishi pamoja kwa muda mrefu kama huo. Mwaka 1957 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha huko maabara ndogo ya utafiti, ambayo ndiyo iliyokua hata ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kwa hiyo wakazi wa bonde la Kilombero, yaani Wandamba, Wambunga, Wapogoro, Wabena na wengi waliohamia baadaye, wamefahamiana na watafiti kwa zaidi ya miaka 60, na lugha iliyowaunganisha ni Kiswahili. Sampuli zilizoijengea Ifakara jina ni za damu na za mbu, kwa kuwa kazi yake kubwa imekuwa malaria. Lakini maswali ya upimaji ni yale yale, na mafunzo yaliyopatikana katika damu yatamfaa mfasiri anayeanza kushughulikia pua.

Mzio na mafua

Neno mzio ni mfano mwema wa istilahi iliyopatikana nyumbani. Tangu zamani mzio ni chakula au kitu ambacho mtu fulani hapatani nacho. Akikitumia kinamdhuru, na kwa sababu hiyo huwa mwiko kwake. Mwaka 1906 daktari Clemens von Pirquet wa Vienna alipotaka jina la ile hali ya mwili kubadili namna unavyokipokea kitu uliokwisha kukutana nacho, ilimbidi aunge maneno mawili ya Kiyunani. Sisi neno tulikuwa nalo jikoni.

Hata hivyo, maana imehama kidogo. Zamani mzio ulikuwa kile kitu chenyewe. Leo katika tiba mzio ni ile hali ya mwili. Maana inapohama namna hii, kile kitu hubaki bila jina. Tunalitafutia jina gani vumbi, chavua ya maua au utitiri wa vumbi unaomfanya mtu apige chafya? Mtu anaweza kushawishika kuunda neno kizio. Tunamshauri asifanye hivyo, kwa sababu neno hilo limekwisha kuajiriwa: katika hesabu na sayansi kizio ni kipimo cha msingi cha kuhesabia, kama vile gramu au mita, na katika jiografia ni nusu ya dunia. Ripoti itakayosema kwamba mgonjwa alipewa vizio 10 vya kizio fulani haitamsaidia mtu yeyote. Tunapendekeza kileta mzio, wingi wake vileta mzio.

Tatizo la mafua ni kubwa zaidi. Uchunguzi wa kimataifa wa pumu na mzio kwa watoto, ulioanza mwaka 1991 na ambao katika Kenya ulifanyika Nairobi na Eldoret, ulikuwa na swali lililotaka kujua kama mtoto amewahi kupata chafya, kutokwa na kamasi au kuziba pua katika wakati ambao hakuwa na ugonjwa wa mafua. Swali hilo ni jepesi katika lugha yenye neno moja kwa ugonjwa na neno jingine kwa dalili. Katika Kiswahili cha kila siku, mafua ni ugonjwa, na papo hapo mafua ni ile hali ya pua kuchuruzika. Mfasiri asipoangalia atajikuta anamwuliza mama wa watu kama mwanawe amewahi kuwa na mafua wakati hana mafua. Mama, kwa adabu yake, atajibu ndiyo au siyo, na jibu litaandikwa.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Mtoto mwenye mafua ya kuambukizwa akiandikwa kuwa ana mzio, majimaji ya pua yake yatapelekwa maabara, yatapimwa kwa uangalifu mkubwa, na tarakimu zitakazopatikana zitakuwa sawasawa kabisa, ila zitakuwa zinajibu swali la mtoto mwingine. Kwa hiyo tunashauri kwamba katika maandishi ya utafiti mafua yawe jina la ugonjwa wa kuambukiza tu, na dalili zitajwe moja moja: kupiga chafya, kuchuruzika pua, kuziba pua, kuwashwa pua.

Kamasi, giligili na sampuli

Baada ya kumpata mshiriki anayehusika, twende kwenye kitu chenyewe kinachopimwa. Kila mtu anaijua kamasi. Lakini kamasi ni neno lenye uzito wa aina mbili. Kwanza, humaanisha kitu kizito na chenye kunata, ilhali kinachochukuliwa na mtafiti ni pamoja na maji mepesi, chumvi, seli na protini zilizovuja kutoka katika damu. Pili, ni neno linaloandamana na aibu. Mtu mzima hapendi kuambiwa mbele ya jirani zake kwamba kamasi zake zinatakiwa. Neno ute nalo lina makao yake, kama vile ute wa yai, na likitumiwa kwa mwili wa binadamu huwapeleka wasikilizaji kwenye mambo ya uzazi.

Katika maandishi ya kitaalamu giligili ya pua linafaa, maana wataalamu wetu wa biolojia wamelizoea giligili kwa vitu vyote vya majimaji vya mwilini. Katika fomu ya ridhaa tunaona afadhali kusema majimaji ya puani. Si vibaya kitu kimoja kuwa na jina la ofisini na jina la barazani, mradi mfasiri ajue kwamba ni kitu kimoja na asiyachanganye katika ukurasa mmoja.

Neno sampuli nalo lataka uangalifu. Kwa wazee wengi sampuli ni aina au namna: watu wa sampuli hii, kitambaa cha sampuli ile. Maana ya kisasa ni sehemu ndogo inayochukuliwa ili iwakilishe kitu chote. Kuwakilisha ndiko kiini cha jambo. Damu husukumwa na moyo na kuzungushwa mwilini bila kukoma, hata tone la kidoleni likafanana kwa mengi na tone la mguuni. Pua haina msukumo wa namna hiyo. Majimaji ya mbele hayafanani na ya nyuma, wala tundu la kulia si lazima lifanane na la kushoto, wala asubuhi si sawa na jioni. Kwa sababu hiyo, anayeandika sampuli ya puani bila kutaja ilichukuliwa sehemu gani, saa ngapi na kwa njia gani, ameandika nusu ya habari.

Kiasi na mkolezo

Sasa tufike penye ugumu hasa. Maneno kiasi, kiwango na kipimo hutumiwa kana kwamba ni ndugu pacha. Kipimo peke yake hubeba mizigo mitano: tendo la kupima, chombo cha kupimia, uchunguzi wa maabara, matokeo yake, na hata dawa anayopewa mgonjwa kwa mara moja. Muktadha huokoa mengi katika mazungumzo, lakini ripoti haina macho wala mikono ya kuonyeshea.

Tofauti ya kwanza inayotakiwa kulindwa ni ile ya kiasi na mkolezo. Kiasi ni wingi wa kitu chenyewe: gramu ngapi, chembe ngapi. Mkolezo, kutokana na kukoleza kama tunavyokoleza chumvi au rangi, ni wingi wa kitu ndani ya wingi wa kitu kingine: gramu ngapi katika lita ngapi. Kijiko cha chumvi katika kikombe na kijiko cha chumvi katika ndoo ni kiasi kimoja, bali mikolezo miwili iliyo mbali kabisa.

Ifakara imelijua jambo hili katika damu. Mpimaji akitazama kwa hadubini tone la damu lililopakwa kwenye kioo, hawezi kujua moja kwa moja ni mikrolita ngapi za damu anazozitazama. Kwa hiyo, kwa desturi, huhesabu vimelea vya malaria mpaka atimize chembe nyeupe 200, kisha huchukulia kwamba kila mikrolita ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Akipata vimelea 50, atasema kuna vimelea 2,000 katika kila mikrolita. Lakini kama mgonjwa huyo kwa kweli ana chembe nyeupe 5,000, basi jibu lilipaswa kuwa 1,250. Kuhesabu kulikuwa kuzuri. Kigawanyo ndicho kilichokuwa cha kukisia.

Wala si jambo dogo. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo SPf66, ya Profesa Manuel Elkin Patarroyo wa Kolombia, yaliyofanyika katika kijiji cha Idete, bondeni Kilombero, kwa watoto 586. Chanjo ilionekana kupunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Ili mtoto ahesabiwe kuwa ameugua malaria, haikutosha awe na homa. Ilitakiwa pia vimelea katika damu yake viwe vingi kupita kikomo kilichowekwa. Yaani, tarakimu iliyosomwa ulimwenguni kote ilisimama juu ya kuhesabu vile vimelea. Majaribio yaliyofuata Gambia na Thailand hayakuonyesha kinga hiyo.

Katika pua kigawanyo ni kigumu zaidi. Njia moja ni kuosha: mshiriki hutiwa puani mililita chache za maji ya chumvi, kisha maji hayo hukusanywa. Tuseme yametiwa mililita 5 na zimerudi 4. Katika hizo 4, ngapi ni za pua na ngapi ni zile zilizotiwa? Hakuna anayejua kwa kutazama. Hali hii inafanana na ile ya mnunuzi wa maziwa anayeshuku kwamba muuzaji ameyazimua kwa maji. Na hapa Kiswahili kina neno zuri mno, kuzimua, yaani kupunguza ukali wa kitu kwa kukiongezea maji. Hatuoni sababu ya mfasiri kuandika kuyeyusha mahali hapa, maana kuyeyusha ni jambo jingine: chumvi huyeyushwa, lakini maziwa huzimuliwa. Kutoka hapo tunapata uzimuaji kwa tendo, na kiwango cha uzimuaji kwa hesabu yake.

Ili kujua pua imezimuliwa mara ngapi, watafiti hutumia yurea. Mkulima wa mpunga wa Kilombero anaijua yurea kama mbolea. Mwili nao hutengeneza yurea kama taka yake, ikasafiri katika damu na kupenya kwa urahisi hadi kwenye majimaji mengine. Kwa kuwa mkolezo wake katika majimaji halisi ya puani huchukuliwa kuwa karibu sawa na ule wa damu, mtafiti hupima yurea ya damu na yurea ya maji yaliyooshea pua. Ikiwa ya pili ni sehemu moja ya 20 ya ile ya kwanza, basi majimaji yalizimuliwa mara 20, na kila mkolezo uliopimwa huzidishwa kwa 20. Sharti uoshaji uwe wa haraka, kwani maji yakikawia puani, yurea zaidi huvuja kutoka katika damu na hesabu huharibika.

Njia ya pili ni kuweka puani kipande cha sponji au karatasi ya kunyonya kwa dakika chache. Kipande hupimwa uzito kabla na baada. Kikiongezeka miligramu 100, kimenyonya takriban mililita 0.1. Hapa hakuna uzimuaji wa kukisia, ila limeingia swali jingine, ambalo tutalifikia hivi punde: je, kilichonyonywa kitakubali kutoka?

Usahihi na uthabiti

Tofauti ya pili ni ile ambayo maandishi yetu mengi huifunika kwa neno moja, usahihi. Tutoe mfano wa sokoni. Mfanyabiashara wa mpunga ana debe lililobonyezwa kitako. Apime mara 10, kila mara atapata ujazo ule ule, wala hatapishana hata kwa konzi. Debe lake halibadiliki, lakini kila mara linampunja mnunuzi. Jirani yake ana debe zima, ila mkono wake hautulii: mara anajaza mpaka kilele, mara anapunguza. Ukijumlisha madebe yake yote, wastani utakuwa sawa. Debe moja moja halitegemeki.

Makosa hayo mawili hayatibiwi kwa dawa moja. La kwanza hutibiwa kwa kulinganisha debe na kipimo kinachoaminika, kama vile maofisa wa Wakala wa Vipimo wanavyohakiki mizani. La pili hutibiwa kwa kurudia kupima na kumfundisha mpimaji. Maabara ikiwa na neno moja kwa yote mawili, mkuu wake ataagiza upimaji urudiwe mara tatu, na jibu la uongo litarudiwa mara tatu kwa utulivu mkubwa. Tunapendekeza basi usahihi libaki kuwa ukaribu wa matokeo na ukweli, na uthabiti wa kipimo liwe ukaribu wa matokeo yanaporudiwa. Debe lililobonyezwa ni thabiti lakini si sahihi.

Urejesho

Njia kuu ya kupima vitu vidogo vya namna hii inajulikana kwa jina la ELISA. Ilielezwa mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm, na katika maabara ya Ifakara imetumika kwa miaka mingi kuchunguza kama mbu wana vimelea vya malaria na kama wamenyonya damu ya mtu au ya mnyama. Kwa ufupi, kingamwili hunatishwa katika vishimo vidogo vya kisahani cha plastiki, mara nyingi vishimo 96. Sampuli ikitiwa, kitu kinachotafutwa hukamatwa na kingamwili hiyo. Kisha hutiwa kingamwili nyingine iliyofungwa kimeng'enya, na mwishoni dawa ambayo kimeng'enya huigeuza rangi. Rangi ikikolea, kitu ni kingi. Ikififia, ni kidogo. Rangi hiyo hulinganishwa na grafu iliyochorwa kwa sampuli rejea, yaani sampuli ambazo mkolezo wake unajulikana tangu mwanzo.

Lakini sampuli rejea hutengenezwa katika maji safi, ilhali majimaji ya puani ni mazito na yana mengi ndani yake. Ulinganisho huo unaweza kuwa kama kulinganisha mwendo wa mtu barabarani na mwendo wa mtu aliye katika matope ya mpunga. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu hutia katika sampuli, au katika sponji, kiasi anachokijua cha kitu kile, kisha hupima ni kiasi gani kinarudi. Akitia 100 na kupata 60, 40 zimebaki kwenye sponji au zimefichwa na uzito wa kamasi. Hali hii tunapendekeza iitwe urejesho: katika mfano huu urejesho ni asilimia 60. Kuna dawa za kulainisha kamasi kwa kukata viungo vya salfa vinavyoshikamanisha protini zake, lakini dawa hizo zinaweza pia kuviharibu vitu vinavyopimwa, pamoja na kingamwili zenyewe. Tiba ya urejesho inaweza kuwa ugonjwa wa usahihi.

Zaidi ya hayo, yafaa kuuliza ni kitu kipi kinachopimwa. Kingamwili ya aina ya IgE, iliyotambuliwa na watafiti wa Kijapani Kimishige na Teruko Ishizaka na wale wa Uswidi, Gunnar Johansson na Hans Bennich, katika miaka ya 1966 na 1967, hupanda kwa mtu mwenye mzio. Lakini hupanda pia kwa mtu mwenye minyoo. Katika nchi zenye kichocho na safura, jumla ya IgE haitoshi kusema kwamba mtu ana mzio. Inatakiwa IgE mahsusi, yaani ile inayolenga kileta mzio kimoja kinachotajwa. Tena jambo lenyewe lina fundo: uchunguzi uliofanywa Gabon na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba watoto wenye kichocho waliitikia kwa uchache utitiri wa vumbi walipopimwa ngozini. Mfasiri akiliacha neno mahsusi kwa kuona ni pambo tu, amebadilisha matokeo ya utafiti.

Hakuna, au haikuonekana?

Tumeliacha mwisho neno ambalo tunaliona kuwa zito kuliko yote, nalo ni neno dogo: hakuna. Kila njia ya kupima ina mahali inapoishia. Chini ya hapo, kitu kinaweza kuwapo nacho kisitambulike. Mahali hapo tunapaita kikomo cha kipimo. Maabara inaposema matokeo yako chini ya kikomo, haisemi kwamba kitu hakipo; inasema kwamba macho yake hayafiki. Kuandika hakuna mahali hapo, au kuweka sifuri katika jedwali, ni kusema jambo ambalo maabara haikulisema.

Ilikuwa rahisi kwetu kushauri kwamba pawekwe haikuonekana mahali pa hakuna, tukafunga mjadala. Ifakara yenyewe ilituzuia. Mwaka 1998 Susanna Hausmann Muela na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa huko kuhusu namna watu wanavyoielewa malaria. Walikuta kwamba mgonjwa alipoambiwa hospitalini kuwa vimelea havikuonekana, na huku bado anaumwa, baadhi ya watu walielewa kwamba vimelea vimo ila wachawi wamevificha visionekane, au kwamba hiyo si malaria ya kweli bali imetumwa ili kuwahadaa waganga wa hospitali. Basi hakuna si kweli, na haikuonekana hufungua mlango wa kifichwacho. Mgonjwa anayeamini kwamba ugonjwa wake umefichwa hatarudi hospitali kesho.

Tumelitafakari jambo hili, na tunaona kwamba dosari imo katika sarufi ya sentensi zaidi kuliko katika neno lenyewe. Kusema vimelea havikuonekana ni kuvifanya vimelea kuwa vyenye jambo, na msikilizaji atauliza ni nani aliyevizuia visionekane. Afadhali mhusika wa sentensi awe ni kipimo: kipimo hiki hakiwezi kuona vimelea vikiwa vichache sana; ukiendelea kuumwa, rudi tupime tena. Kwa namna hiyo upungufu unawekwa mahali pake halisi, katika chombo, wala si mikononi mwa adui. Na sentensi hiyo ndiyo itakayomfaa pia mzazi wa mtoto ambaye katika majimaji yake ya puani IgE mahsusi haikufikia kikomo.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunaleta istilahi zifuatazo zijadiliwe. Hazijasanifiwa, na tunaziweka mbele ya wasomaji ili zipimwe kabla ya kwenda mbali.

Mzio: hali ya mwili kukipokea kwa ubaya kitu kisichodhuru watu wengi.
Kileta mzio: kitu kinachoiamsha hali hiyo.
Giligili ya pua: majimaji yote yaliyomo puani, katika fomu ya ridhaa, majimaji ya puani.
Mkolezo: wingi wa kitu ndani ya wingi wa kitu kingine.
Uzimuaji: upunguzaji wa mkolezo kwa kuongeza maji au kitu cha majimaji.
Usahihi: ukaribu wa matokeo na ukweli.
Uthabiti wa kipimo: ukaribu wa matokeo yanaporudiwa.
Sampuli rejea: sampuli ya kulinganishia, ambayo mkolezo wake unajulikana.
Urejesho: sehemu ya kitu kilichotiwa ambayo kipimo kinaweza kuirudisha.
Kikomo cha kipimo: kiwango ambacho chini yake njia ya kupima haiwezi kutambua kitu.

Tunawaomba walimu wazijaribu darasani, watumishi wa afya wazijaribu mbele ya wananchi, na wafasiri watuandikie pale zinapokwama. Zaidi ya yote tunaomba maoni ya wale wanaosoma fomu kwa sauti chini ya mwembe, kijiji kwa kijiji, kwa maana wao huziona nyuso za wasikilizaji. Neno ambalo kamati imelipitisha na mama wa Idete hakulielewa, hilo nalo ni debe lililobonyezwa.